Mwambie Melkiori Habari ya Damu Yako

Skolastika, mama,

Huko nje wanawake wanakuimbia na kukufundisha, na kwa ninavyosikia, mafunzo yenyewe ni namna ya kumchemshia mwanaume maji ya kuoga na namna ya kunyamaza akiwa na hasira. Sina la kuongeza hapo. Kuchemsha maji unajua, kunyamaza hujui, na hilo la pili namshukuru Mungu. Nimejifungia chumbani na kalamu yako ile uliyoitafuna kisigino, nakuandikia kwa mwandiko wangu wa darasa la tano, maana nikikwambia kwa mdomo utacheka, na mimi nitacheka, na jambo litapita.

Jambo lenyewe ni moja. Kesho asubuhi unapanda basi na Melkiori na watu wake kwenda Kibaoni, Jumamosi padri wa huko anawafungisha ndoa, na mpaka jioni hii hujamwambia kwamba damu yako ina ugonjwa. Usijiulize nimejuaje. Ukuta wa jikoni ni tofali mbichi, na shangazi yako Fotunata akinong'ona anasikika mpaka Mpanda mjini. Nimemsikia leo mchana akikwambia, "Nyamaza, mwanangu. Zaa kwanza. Ukishampa mtoto, hata ukimwambia una mkia hakuachi." Wenzake wakaitikia kama wako kanisani. Na wewe ukanyamaza. Wewe, ambaye hujawahi kunyamaza hata msibani.

Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, Skola, na wengi wao walistahili. Leo nimelidharau jiko zima, sufuria zikiwemo. Kuzaa kwanza ndicho kitu ambacho wewe huwezi kukifanya kwa siri. Shangazi yako anajua. Alikuwepo siku tuliporudi Mbeya na maneno ya daktari, akalia, akapenga kamasi kwenye khanga ya mama yako. Sasa ameona suti ya Melkiori, amesahau.

Ngoja nikueleze ilikotoka habari hii ya damu, maana ulikuwa mdogo, na waliokusimulia ni waongo, na mkubwa wao ni mimi.

Ulizaliwa kule Ugalla wakati bado naweka mizinga porini. Kitovu kilipodondoka damu ikatoka kidogo, ikakatika. Tukashukuru. Kesho yake ikaanza tena. Ikakatika, ikaanza. Bibi yako akapaka masizi, akapaka nta, akapaka kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba isipokuwa mafuta ya taa. Mjomba wako Deogratias, ambaye wakati huo alikuwa mtendaji wa kijiji na akitembea kama waziri, akaitisha kikao. Kikao cha kitovu! Wanaume wenye ndevu zao wamekaa kwenye viti vya kukunja wanajadili kitovu cha mtoto. Wakaamua kwamba mama yako alivuka mto akiwa mjamzito bila kuwaaga wazee wa mto. Kule Ugalla kila mtu anavuka mto kila siku, na mbuzi wake. Hakuna mbuzi aliyewahi kuaga. Kaka mtu mwenyewe ndiye aliyemhukumu dada yake, halafu akaomba asali ya kuondoka nayo.

Ulipoanza kung'oka meno ndipo mimi nikaanza kuiogopa damu yako. Mtu mwingine akikatika kidole damu inamwagika palepale, unahangaika, inakoma, mambo yameisha. Ya kwako haikuwa na haraka. Jino linatoka, damu inakoma vizuri kabisa, unakula uji, tunashangilia. Kesho yake jioni, watu wameshatulia, mdomo unajaa. Nilikuwa nakuangalia ukilala namna unavyoangalia moto uliozimika juu tu.

Tukahama Ugalla, tukaja hapa Kasokola ili tuwe karibu na hospitali, na watu wakasema nimekimbia uchawi. Hospitali tuliyoanzia nalimeza jina lake, waliokuwepo wameshahamishwa na wengine wamestaafu. Bwana mmoja wa koti jeupe akakuchoma kidole, akatazama saa, akafuta, akatazama saa. Damu ikakoma kwa wakati wake. Akatabasamu. "Damu ya huyu nzuri kuliko yangu," akasema. Halafu akakuinua gauni, akaona mapaja na mgongo vina mabaka meusi na ya kijani, akaacha kutabasamu, akaniangalia mimi. Akauliza nyumbani kwetu nani anakunywa pombe. Nikamwambia wote isipokuwa paka. Akaandika.

Kumbe hakujua utani. Wiki iliyofuata akaja afisa ustawi na pikipiki, akakuita pembeni chini ya kivuli cha ghala, akakuuliza kama baba anakupiga. Ulikuwa na pamba puani. Ukamjibu kwamba baba hawezi kumpiga hata kuku, kuku wanamshinda mbio. Nilikuwa nyuma ya ghala nasikiliza. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile, nilitaka kukukumbatia, nikakumbuka kwamba nikikukumbatia kwa nguvu unapata baka lingine.

Basi, tukaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kienyeji, njia ya kwenda Inyonga. Hapa nisikilize, maana ndipo nilipojifunza ujinga ulionigharimu baadaye. Kwa mfumu husemi kilichokuleta. Unakaa, unabana mdomo, yeye anarusha vitu vyake, anasikiliza, anataja. Akitaja sawa unajua huyu anajua. Akikosea unabeba kuku wako unarudi. Baba yangu alifanya hivyo, babu yangu alifanya hivyo, tunaona ndio akili: usimpe mtu jibu la mtihani wake. Yule mzee akarusha mawe yake, akafumba macho, akasema, "Mmekuja kwa ajili ya mtoto." Wewe ulikuwa umekaa mapajani pangu unavuja damu puani. Nikashangaa jinsi alivyopatia! Nikampa kuku. Akachomoa wembe, akataka kukuchanja chale magotini ili ugonjwa upate mlango wa kutokea. Mama yako akakunyakua, akatoka na wewe, hakuaga mtu. Kama angekuwa mpole kama wanavyokufundisha huko nje, leo tusingekuwa na harusi.

Sasa Mbeya. Ulikuwa darasa la tatu. Uliung'ata ulimi ukiruka kamba, damu ikakatika, kesho yake ikaanza na haikutaka kusikia la mtu. Hapa Mpanda wakakuongezea damu ya mtu mwingine, ukachangamka, wakatuambia twende tukamwone daktari bingwa wa damu. Hatukumaliza wiki tukawa njiani, mimi na wewe tu, mama yako alibaki na mahindi.

Daktari mwenyewe unamjua. Lakini hukumwona siku ile kwa macho yangu. Mwanamke mfupi, anatafuna karanga, hacheki na mtu, anauliza maswali kama polisi wa barabarani. Nilimchukia papo hapo, na mtu ninayemchukia papo hapo huwa anafanana na mimi. Aliuliza kitovu, aliuliza meno, nikamjibu nusu nusu. Akauliza, "Mtoto ameongezewa damu karibuni?"

Nikasema hapana.

Ukanigeukia. Nikakukonyeza. Ukadhani ni mchezo, ukanikonyeza na wewe.

Sikuwa nimesahau, Skola. Nilifikiri hivi: kama huyu mama amesoma mpaka macho yakaharibika, na agundue mwenyewe. Nimempelekea mfumu kuku, huyu nimemletea mtoto, na yeye arushe mawe yake tuone.

Akarusha. Akatoa damu kwenye mkono wako, akapima vipimo vya kawaida vya kuganda, vyote vikasema mzima. Hakushtuka. Akasema kuna ugonjwa mmoja adimu ambao vipimo hivyo haviuoni kabisa: damu inaganda vizuri, lakini donge lenyewe halina kitu cha kulikaza, kwa hiyo kesho yake linaachia. Kujua ugonjwa huo, unaiacha damu igande, unalichukua donge, unalitumbukiza kwenye maji ya urea, unaliacha mpaka asubuhi; la mgonjwa linayeyuka.

"Urea ya mahindi?" nikamuuliza.

"Urea ni urea, mzee. Ila yangu haijatiwa mchanga na wauzaji wenu."

Asubuhi akanionyesha. Donge lako limekaa ndani ya chupa kama kipande cha ini, zima, halijapungua. Akalitazama muda mrefu, akaacha hata kutafuna. Akasema sio ugonjwa aliodhani, tungoje vipimo vingine. Mimi sikungoja. Nilikutoa kwa kusema tuna shamba. Ndani ya basi mpaka Sumbawanga nilikuwa nawasimulia abiria jinsi mtu wa darasa la tano alivyomshinda daktari bingwa, na wakacheka, na mmoja akaninunulia soda. Niliinywa. Hiyo soda mpaka leo nikiikumbuka natema mate.

Donge lile halikuwa lako, mama. Damu uliyoongezewa Mpanda ilikuja na ukazo wake. Tulichokitazama ndani ya chupa ni afya ya mtu mwingine, amekukopesha, na inakaa wiki kadhaa mwilini kabla haijaisha. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na nikalikalia kama yai.

Mvua zilipoanza, ukajigonga kichwa kwenye mhimili wa mlango. Hukulia hata. Ukala, ukalala. Kesho yake mchana ukasema kichwa kinauma, ukatapika, jicho moja likawa kubwa kuliko lingine. Sitaandika safari ile. Mama yako alikubeba kwenye gari la wagonjwa na hakuniangalia kuanzia hapa mpaka Mbeya, na alikuwa na haki.

Daktari alikuja mbio, akauliza swali lilelile. Safari hii nikamwambia yote, na hata habari ya mfumu nikamwambia, nikidhani itanipunguzia. Alikuwa anakufunga mpira mkononi, akitafuta mshipa, hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi sipigi ramli, mzee. Napima ninacholetewa. Ukiniletea uongo napima uongo, na mtoto anabaki hajapimwa."

Akatoa damu kwanza, hiyo ya kupima, maana alisema akikupa dawa kabla tutajidanganya tena. Halafu hakungoja majibu. Akakutundikia yale maji ya damu ya njano, plazma, iliyotoka kwenye friji ikayeyushwa, na nikakaa chini ya kitanda chako kama mbwa.

Asubuhi akaniita. Alikuwa ameweka donge lako, na langu, na la muuguzi mmoja, kila moja kwenye urea yake. La muuguzi limekaa. Langu limekaa. Kwenye chupa yako kulikuwa na maji tu, rangi kidogo, kama mtu ameosha kikombe cha rozela. Hakunisema tena. Ningependa angenisema.

Alinichorea ugonjwa kwenye bahasha, sikuelewa, mpaka nikamwambia kwa lugha yangu: ni ukuta uliopangwa tofali bila tope. Unasimama, unaupiga picha, kesho mbuzi anaegemea unaanguka. Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Vitu vya kugandisha damu wamevipa namba badala ya majina, na wewe umekosa cha kumi na tatu, ambacho ndio tope. Damu nyingine wakaituma mbali zaidi, kwenye mashine ya kupima kiasi, ikarudi jibu kwamba unacho kidogo mno, karibu na hakuna. Na kimetoka wapi ukosefu huo? Nusu kwangu, nusu kwa mama yako. Wote wawili tumebeba nusu mbovu na nusu nzima, nusu nzima inatutosha, wewe ukapewa mbovu zote mbili. Mababu zetu wa Ugalla walioana wao kwa wao kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuoana naye, ni nyuki tu. Mto haukuhusika.

Nilirudi na habari hiyo nyumbani kwa hamu ya kumpiga nayo mjomba wako Deogratias, ambaye naye alikuwa ameshahamia huku Kasokola. Akakataa. Akasema damu ya ukoo wao haina dosari, kama ipo ni ya kwetu. Basi nikamwambia, shemeji, lete kidole. Hili hukusimuliwa, ulikuwa bado dhaifu umelala. Nilimchoma kwa mwiba, nikakinga damu kwenye kisoda, ikaganda. Nikachota urea kwenye ule mfuko wa kukuzia mahindi, nikaikoroga kwenye kikombe na maji ya moto ili iyeyuke upesi, nikatumbukiza donge, nikakoroga tena kama uji. Asubuhi hakuna kitu. Nikamwambia, "Shemeji, pole. Umekwisha." Mtendaji mzima akalala kitandani wiki nzima, hanyoi ndevu asije akajikata, anatafuniwa nyama na mkewe. Nikawa napita dirishani kumpa pole. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mwezi uliofuata tulipokupeleka plazma nikamsimulia daktari nikitegemea acheke. Akaniuliza, "Na kama donge lingebaki, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia ni mzima."

"Ungejuaje?"

Akaniambia donge la Deogratias limeyeyushwa na maji yangu ya moto na kukoroga, sio na ugonjwa. Akanieleza kwa nini aliweka donge la muuguzi na langu pembeni ya la kwako: ili ajue urea yenyewe inasema kweli siku hiyo. Chupa peke yake haijui kitu. Mpaka ujue kilichoingia, kimetoka kwa nani, amepewa nini kabla. Ndipo nilipoona kwamba mimi na yule mzee wa mawe tumekaa mkeka mmoja, tofauti yetu yeye alipata kuku.

Tangu hapo umekuwa mtu wa Mbeya. Walikupima kabla ya plazma, wakakupima baada, wakakupima tena siku zilivyosogea, mpaka wakajua inakutosha kwa muda gani, ndio maana ikawa takriban kila mwezi na sio kila mara ukivuja. Jino lilipooza walikupima kwanza ndipo wakang'oa. Wewe unaona kero, sindano na basi na vumbi. Mimi naona ndio sababu umefika umri wa kunijibu vibaya mbele ya wageni.

Na mwaka jana, umeshakuwa mwanamke, ukamuuliza mwenyewe habari ya mtoto. Nilitaka kutoka nje, akaniambia nikae, nisikie, maana mimi ni mtu wa kusikia nusu. Akakwambia unaweza kuzaa. Akakwambia njoo kabla, usije baada ya kukosa siku zako: tutakupima, tutakaza plazma, tutakupima tena na tena mpaka utakapojifungua, na utajifungulia hapa. Ukamuuliza, na nisipokuja? Akaacha karanga zake. Akasema mimba itaanza kutoka mapema, itatoka na damu, na kwa damu yako hakuna uhakika kwamba utabaki.

Basi hilo ndilo shangazi yako anakushauri ulifanye kimyakimya huko Kibaoni, katikati ya mpunga, nyumbani kwa mkwe ambaye atakuletea mizizi ya kukaza mimba. Anakutuma ukafe kwa adabu. Wataosha khanga, watasema alikuwa binti mtulivu. Bora nikuone umeachika hapa Kasokola, unanitukana kila asubuhi, kuliko nije Kibaoni kusikia unasifiwa.

Usidhani namsemea Melkiori kwa sababu nampenda. Nilimdharau siku ya kwanza alipokula ugali kwa kijiko. Suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata nyanya. Anaongelea mashine yake ya kukoboa mpunga kama wenzake wanavyoongelea mtoto aliyefaulu. Anajipaka manukato mpaka nyuki wangu wa nyuma ya nyumba wanatoka kuangalia. Nilisema moyoni, hili ni jogoo la sherehe, ngoja tuone.

Jana jioni alinifuata nilipokuwa nachonga mzinga. Akakaa kwenye magogo na suruali yake hiyohiyo, nikaanza kumheshimu kidogo. Akasema, "Baba, naomba kuuliza. Skola kila mwezi anaenda Mbeya kufanya nini?"

"Yeye amekwambiaje?"

"Anaenda kumwona mama mdogo."

"Basi."

"Mama mdogo yupi, baba? Nimewahesabu wote hapa kwenye sherehe. Hakuna wa Mbeya."

Nikaendelea kuchonga. Nikamwambia ukoo wetu mkubwa. Akaokota kipande cha gome, akakivunjavunja, akasema kwa sauti ya chini, hakuwa ananiambia mimi hasa, "Nadhani ana mtu huko. Nimewaza sana. Nimeamua kumwoa hivyohivyo. Labda akikaa na mimi atatulia."

Shoka lilinitoka mkononi, Skola. Sio kwa kusema. Lilianguka kweli.

Umesikia? Wewe unaogopa kwamba mwanaume huyu akijua una ugonjwa atakukimbia. Mwanaume mwenyewe anaamini una bwana Mbeya, anakosa usingizi kwa ajili ya huyo bwana kila mwezi, na bado amekodi watu na suti aje akuchukue. Amebeba uongo mbaya kuliko ukweli wako. Mnadhulumiana wote wawili na kila mmoja anajiona mwema. Sijawahi kuona wajinga wanaopendana namna hiyo tangu nilipojitazama mimi na mama yako.

Nilifungua mdomo nimwambie. Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikaufunga. Niliwahi kuisemea damu yako mara moja mbele ya mtu aliyeuliza vizuri, na nikaisemea uongo. Sitaisemea tena, hata kama safari hii ningesema kweli. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, na ukimuuliza usitaje mama mdogo. Muulize kama mtu mzima." Akasema anaogopa jibu. Nikamwambia, "Na Skola anaogopa swali, mtafaana."

Kwa hiyo ni wewe. Mwambie kabla ya basi, maana watu wakishaingia kwenye basi na ngoma zao wanaona aibu kushuka, na mambo mengi ya kipumbavu duniani yanafanywa na watu walioona aibu kushuka. Mwambie Mbeya hakuna mwanaume, kuna mama mmoja mfupi wa karanga. Mwambie kutoka Kibaoni ni karibu zaidi kuliko kutoka hapa, hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona ya kuolewa Kibaoni. Mwambie kabla hamjatafuta mtoto mtaenda wote wawili, akae mbele ya yule mama, aulizwe maswali, ajibu yote. Asiwe kama mimi.

Akikukimbia, muache akimbie, suruali ile haitamfikisha mbali. Utalia, mama yako atalia, shangazi Fotunata atasema alisema. Mimi nitakupeleka Mbeya mwezi ujao kama kawaida na tutakula samaki njiani pale Sumbawanga.

Sikulazimishi. Umeshakuwa mkubwa, na mimi na kulazimisha tulishaachana. Ila kuna jambo moja nimelifanya wakati wanaimba na hakuna aliyeniona: masanduku yako yote, na lile godoro, na vile vyombo vya zawadi, nimeviingiza chumbani kwangu na mlango nimeufunga kwa ndani. Havitoki. Dereva apige honi, Deogratias aitishe kikao, padri atumiwe ujumbe. Vitatoka pale Melkiori mwenyewe atakapogonga mlango huu na kuniambia, kwa mdomo wake, mchumba wake anaumwa nini.

Akikosea namba ya lile tope nitamsahihisha. Na mimi ilinichukua muda kuishika.

Ni mimi baba yako, mkorofi,
Leonsi